Pombe katika Tangi la Gari

Kila bei ya petroli inapopanda, huzuka swali lile lile: kwa nini magari yasiendeshwe kwa ethanoli, ile alkoholi ipatikanayo kwa kuchachusha molasi, mahindi au mihogo? Jibu si kwamba haiwezekani. Brazili ilianzisha mpango wake wa taifa wa alkoholi mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, na mamilioni ya magari yamekwisha kutembea huko kwa ethanoli. Kenya nayo ilichanganya petroli na ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni katika miaka ya 1980, kisha ikaacha. Hapa twataka kueleza gharama ambazo aghalabu hazitajwi.

Kwanza tuitazame molekuli yenyewe. Ethanoli, C2H5OH, ina atomi ya oksijeni ndani yake. Ni kana kwamba imekwisha kuungua kwa sehemu kabla ya kuingia katika injini. Kwa hiyo lita moja ya ethanoli hutoa megajuli 21 hivi, hali lita ya petroli hutoa 32. Mwanafunzi na akokotoe: gari liendalo kilomita 300 kwa tangi moja la petroli litakwenda kama 200 tu kwa ethanoli. (Injini iliyoundwa mahsusi kwa ethanoli hufidia sehemu ya pengo hilo, lakini si lote.) Tena, kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ethanoli huhitaji 9 tu. Ndiyo sababu kabureta iliyopimwa kwa petroli haiwezi kulishwa ethanoli tupu bila kurekebishwa.

Shida inayosumbua zaidi ni maji. Mchanganyiko wa ethanoli na maji, hata ukichemshwa na mvuke wake kutoneshwa mara nyingi namna gani, katika kanieneo ya kawaida haupiti asilimia 95.6 ya ethanoli kwa uzito. Maji yaliyosalia hayana budi kuondolewa kwa njia nyingine, na kazi hiyo hula nishati. Wala mambo hayaishii hapo. Maji kidogo yakipenya katika tangi, ethanoli huiacha petroli na kujiunga nayo, kisha hukaa chini, pale pale bomba linapofyonza. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili, mahali penye hewa ya kutosha na mbali kabisa na moto. Achanganye mililita 90 za petroli na 10 za ethanoli katika silinda ya kupimia, aongeze mililita 10 za maji, atikise kwa upole, kisha aache vitulie. Tabaka la chini litakaribia mililita 20.

Na shambani je? Tani moja ya mahindi hutoa ethanoli ipatayo lita 400. Basi tangi la lita 50 hula kilo 125, yaani gunia moja na robo. Molasi haina ugomvi huo na chungu cha ugali, lakini wingi wake hufuata wingi wa sukari. Hata Brazili yenye miwa tele iliishiwa mnamo 1989 na 1990: sukari ilipata bei nzuri, wenye viwanda wakaielekea, na wenye magari ya alkoholi tupu wakapanga foleni. Aidha, kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za maji machafu. Yakimwagwa mtoni, bakteria huyaozesha wakitumia oksijeni, na samaki hufa. Yakinyunyizwa kwa kipimo katika miwa, huwa mbolea yenye potasiamu.

Gesi asilia huungua kwa usafi zaidi, ila lazima ishindiliwe kwa kanieneo ipatayo mara 200 ya ile ya hewa. Madereva wa Dar es Salaam waitumiao wanajua jinsi mtungi wake mzito unavyomeza nafasi ya mizigo.

Mbono kaburi nao ulisifiwa nchini Tanzania, baada ya mwaka 2005, kuwa mti wa kustawi katika ardhi kavu isiyofaa kwa chakula. Kuishi huishi kweli. Kuzaa sana bila maji wala rutuba ni jambo jingine. Huko Kisarawe, ardhi ya vijiji ilitolewa kwa kilimo chake, na mradi ukavunjika mwaka 2011. Wanakijiji walibaki kuulizia mashamba yao.