Tronsonezi inunuliwe mwisho

"Ulisoma myaka tano juu ya kupanda miti, leo uko unaikata?"

Mama mmoja wa Mudzi Pela aliniuliza hivyo, mimi nikiwa na kaske kichwani na kamba begani. Alikuwa ameniita juu ya mkaratusi ulioegemea jiko lake baada ya mvua ya usiku. Nilicheka, naye akacheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Nina lisansi ya agronomia. Ndoto yangu ilikuwa shamba la kahawa upande wa Djugu, na wote tunajua njia za kule zimekuwa namna gani tangu mwisho wa 2017. Nikabaki mjini. Na hapa Bunia miti iko mingi: mikaratusi, miembe, miti ya avoka, yote ilipandwa na watu waliokuwa na kiwanja kikubwa, kisha kiwanja kikagawanywa, nyumba zikajengwa hadi kwenye shina. Mti ukianza kuinama hapo, huwezi kuuangusha tu. Lazima upande, uushushe kipande kwa kipande na kamba. Hiyo njo kazi yangu.

Wadogo zangu walio bado kwenye oditwari wananiuliza kila mara: "Kaka mkubwa, ninunue tronsonezi gani nianze?" Jibu langu linawaudhi. Ninawaambia wanunue kaske, suruali, bote, kamba, tupa na kipimo, na tronsonezi iwe ya mwisho. Mashine unaweza kukodi siku moja na kuirudisha jioni. Vile vingine hakuna wa kukukodisha, na ujuzi wa kunoa nao haukodishwi.

Niliyajua haya kwa njia mbaya.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kazi na kaka mmoja aliyetoka msituni, upande wa Komanda, ambako alikuwa amepasua mbao miaka sita. Yeye alishika mashine. Mimi msomi nilibeba vipande, nilivuta kamba, na jioni nilinoa mnyororo. Kunoa nilikuwa nimejifunza kwa kutazama tu.

Sasa sikilizeni jino la mnyororo linavyofanya kazi, kwa sababu ata wapasuaji wengi wa zamani hawalielewi. Lina sehemu mbili. Nyuma iko makali yenyewe, yanayochonga mti kama randa ya seremala. Mbele yake kuna kinundu cha chuma ambacho hakikati kitu. Kazi yake ni kupima: kinagusa mti na kuruhusu makali yaingie kidogo tu. Kwa minyororo mingi tunayotumia, tofauti ya kimo kati ya makali na kinundu ni milimita 0.65 hivi, karibu unene wa kikadi cha SIM. Kila unaponoa, makali yanarudi nyuma, na kwa kuwa mgongo wa jino umeinama, yanashuka pia. Kwa hiyo baada ya kunoa mara kadhaa ni lazima vinundu vipunguzwe navyo, lakini kwa kipimo, ile bamba ndogo ya chuma unayoweka juu ya mnyororo.

Mimi sikuwa na kipimo. Niliona mashine inakata polepole, nikapiga tupa vinundu vyote mpaka jicho langu likaridhika. Asubuhi mashine ilikuwa kali ajabu, inatupa vipande vikubwa vya mti. Tulifurahi. Kumbe kila jino sasa lilikuwa linauma kupita kiasi, na mnyororo wa namna hiyo unaruka-ruka mkononi.

Kuna mahali pamoja pa hatari kuliko pote kwenye tronsonezi: robo ya juu ya ncha ya gidi, ule upau ambao mnyororo unauzunguka. Ikigusa kitu wakati mnyororo unakimbia, jino linakwama, nguvu yote inageuka, na upau unarushwa juu na nyuma kuelekea kwa mwenye kuushika. Mnyororo unakwenda zaidi ya mita 20 kwa sekunde moja. Hakuna mtu mwenye mikono ya haraka kiasi hicho. Na kama vinundu vimeshushwa mno, pigo linakuwa kali zaidi.

Karibu saa nane mchana ncha iligusa tawi ambalo kaka hakuliona. Mashine ikaruka, mkono wake wa kushoto ukaachia, na iliposhuka ikamkuta pajani. Alikuwa amevaa jinzi. Nilimfunga kwa shati langu, tukapanda watatu kwenye pikipiki, motari akipiga honi njia nzima. Aliishi, asante Mungu, lakini anachechemea mpaka leo, na bili ilikula pesa ya miti yote ya msimu ule.

Nilikaa miaka miwili bila kumwambia habari ya vinundu. Nilipomwambia, alitazama chini kidogo, akasema: "Nilijua. Tangu asubuhi ilikuwa inaruka. Nilinyamaza juu tulitaka tumalize mbele ya mvua." Siku hizi hapandi tena. Ana meza yake ya kunoa mapanga na minyororo, na minyororo yangu ninamlipa yeye anoe, isipokuwa ile ya katikati ya kazi.

Mashine yenyewe nayo ilikuwa na neno. Ilikuwa kubwa na ya zamani, aina ambayo wapasuaji wa mbao wa Ituri wanaipenda: Stihl 070, muundo wa miaka ya 1960, moteri ya karibu sentimita 105 za ujazo. Kwa kupasua gogo la libuyu au mvule kuwa mbao, kule msituni Mambasa, haina mpinzani, na mbao nyingi zinazovuka mpaka kwenda Uganda hadi Kenya zimepita kwenye meno ya mashine kama hizo. Lakini haina freni ya mnyororo. Mashine za leo zina kile kikinga cha mbele ya mkono wa kushoto: mashine ikiruka, kikinga kinasukumwa mbele na mnyororo unasimama mara moja. Ukikuta kimekatwa au kimefungwa kwa waya "juu kinasumbua", rudisha mashine kwa mwenyewe. Na usipande mti na mashine nzito ya msituni. Juu ya mti unahitaji ndogo, nyepesi, na ukiwa umejifunga mahali pawili kabla ya kuiwasha, kwa sababu kamba moja inaweza kukatwa na mashine ile ile unayoishika. Kamba za kufungia mizigo ya Fuso hazifai. Nimeona mtu akining'inia kwenye moja, sikuweza kutazama.

Juu ya suruali, watu wanadhani ni ngumu kama bati. Hapana, ni laini. Ndani yake kuna tabaka za nyuzi ndefu. Mnyororo ukigusa kitambaa, unazivuta nyuzi, zinajizungusha kwenye gurudumu linaloendesha mnyororo, na mashine inakabwa. Daraja la kwanza la suruali hizo hupimwa kwa mnyororo wa mita 20 kwa sekunde. Ikishakatwa mara moja, haishonwi, inatupwa. Yangu niliagiza Kampala kwa mtu, ilinigharimu zaidi ya kodi ya nyumba ya miezi miwili, na mke wangu hakuongea nami siku nzima. Ni joto, ni nzito, nimeivaa kila siku.

Mengine kwa haraka. Esansi ya kadafi wa barabarani ichujwe kwa kitambaa kabla ya kuchanganya. Mafuta ya moteri ya mipigo miwili yakiwa mazuri ni sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa lita moja. Ukikosea kwa kupunguza, pistoni inakwama. Mafuta machafu yaliyotolewa kwenye gari usiyatie kwenye tangi la mnyororo, yanaharibu pampu na yanarukia ngozi yako. Masikio yafunikwe, sauti inapita desibeli 100. Karibu na waya wa umeme, usianze kabla umeme haujakatwa, ata mteja akilia.

Bon, na agronomia inasaidia nini hapo? Inasaidia sana, na hapa ninamjibu yule mama. Wateja wengi wanasema, "Kata kichwa tu." Kukata kichwa cha mwembe kunaacha jeraha kubwa linalooza, halafu machipukizi yanatoka mengi, yameshikwa na ganda la juu tu, na baada ya miaka michache hayo ndiyo yanayoangukia mabati. Alex Shigo, mtafiti wa Marekani aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa tronsonezi ili aone uozo unavyosafiri ndani. Alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu. Unalizungushia jeraha ukuta na kuendelea kukua nje yake. Ukuta huo ni imara pale tawi linapotoka, kwenye ule mkunjo uliovimba kama kola ya shati. Kata nje ya kola, usiiguse, usiache kisiki kirefu. Tawi zito ulikate mara tatu: kwanza chini, nusu, mbali na shina, kisha juu mpaka lianguke bila kuchana ganda, mwisho usafishe kwenye kola. Kupaka rangi juu ya jeraha hakuzuii uozo. Tulijifunza kupogoa kahawa kwa mkasi, bila kujua kwamba ilikuwa somo hilo hilo.

Ninapoeleza hivi, mara nyingine ninapoteza kazi, kwa kuwa ninakuwa nimemshauri mteja asikate. Mara nyingine bei ndiyo inatushinda. Mteja mmoja alitaka nichukue kuni ziwe malipo. Kuni za mkaratusi ni pesa hapa kwetu, sikatai, lakini kuni hazinunui kamba mpya. Siku hizi bei yangu ina sehemu ya kamba, suruali na minyororo ndani yake, na ninamwambia mteja wazi. Wapo wanaonikimbia na kumwita kijana wa kandambili na mashine ya kuazima kwa nusu ya bei. Sina la kumfanya mteja. Kijana ninamtafuta baadaye, ninamwonyesha kipimo.

Ule mkaratusi wa Mudzi Pela tuliushusha kwa vipande kumi na moja, na jiko likabaki zima.

Jumamosi, tangu saa tatu asubuhi, nitakuwa kwenye meza ya kaka yule na tupa za milimita 4.8 na 5.2. Mwenye mnyororo wa zamani aje nao, na aje na glavu, meno yale yanakata ata yakiwa yamelala. Tronsonezi mziache nyumbani.