Redio ya Programu na Simu Zetu

Minara ya simu twaiona kila siku, toka Shinyanga mpaka Geita, lakini ni wachache wajuao jinsi kazi yake inavyobadilika. Napenda kueleza habari ya redio ya programu, maana yatuhusu.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba simu ya mkononi ni redio. Redio ya zamani ilifanya kazi ile tu iliyotengenezewa. Ukitaka nyingine, ilikubidi ubadili koili na vyombo vyake. Katika redio ya programu, mawimbi yaliyopokewa na antena hugeuzwa kuwa tarakimu, nayo kompyuta huzichambua kwa hesabu. Ukibadili programu, chombo kile kile hufanya kazi mpya. Mmarekani Joseph Mitola alieleza jambo hili mwaka 1992. Leo chombo kimoja mnarani chaweza kuhudumia simu za kizazi cha 2 na cha 4 pamoja.

Faida yake ni nini? Mnara wenye wateja wachache haulipi. Ndiyo sababu Serikali ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006. Redio ya programu hupunguza gharama. Mwaka 2013 wanakijiji wa Talea de Castro, huko Meksiko, walijiwekea mtandao wao wenyewe wa simu kwa redio ya namna hii.

Lakini programu haishindi mwamba. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, wachimbaji 5 walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mawimbi ya simu hayapenyi mwamba mnene. Mawimbi ya masafa ya chini hupenya zaidi, ila huhitaji antena kubwa, na antena haikuzwi kwa programu. Mwenye ndugu ndani ya duara ajua uzito wa neno hili.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kazi yetu sisi tunaosoma Hesabu na Fizikia. Chombo kidogo cha kupokea mawimbi, kinachochomekwa katika kompyuta, bei yake si kubwa. Naomba shule yetu ikinunue kimoja, tuchunguze matangazo ya redio yanayotufikia. Kurusha mawimbi kwahitaji kibali cha TCRA, lakini kwa kuanza, kusikiliza kwatosha.