Kitambaa cha bluu, taa ya machungwa: ijue mitambo kabla hujachukua oda ya sherehe ya kampuni

Wafanyabiashara wenzangu, hasa mnaouza vitambaa, mapambo, zawadi na keki mtandaoni, ya leo ni yenu. Msimu wa sherehe za makampuni ukikaribia, oda zinakuja kwa mkupuo: vitambaa vya meza 60, mito 200, maboksi ya zawadi 150. Na siku hizi kampuni hazitaki tena ukumbi wa maputo na jukwaa tu. Zinataka mgeni akifungua mlango ajikute yuko pengine kabisa: bandari ya zamani, porini usiku, chini ya bahari. Ukumbi ni uleule na kuta ni zilezile. Kinachouhamisha ni mitambo, na hiyo mitambo ndo inaamua bidhaa yako itaonekanaje mezani na kama balansi yako italipwa bila kelele.

Kuna dada mmoja tunayefahamiana kwenye biashara hii, anauza vitambaa vya meza hapa Dar. Kampuni fulani ilimpa oda ya sherehe ya mwisho wa mwaka, ukumbi ugeuzwe bandari ya pwani jioni jua likizama. Walimwambia bluu, rangi ya bahari. Akapeleka bluu safi kabisa, kitambaa kizito, mshono mzuri. Saa moja usiku taa za ukumbi zikazimwa, machweo ya bandia yakawashwa, meza zote zikageuka nyeusi kama za msiba. Mteja akasema ameletewa rangi siyo. Balansi ilikaa wiki kadhaa, na ilipotoka ilikuwa imekatwa.

Kitambaa kilikuwa bluu kweli. Tatizo ni hili: kitambaa cha bluu kinaonekana bluu kwa sababu kinarudisha machoni mwanga wa bluu na kumeza rangi nyingine. Mwanga wa jua au balbu nyeupe una rangi zote, kwa hiyo dukani mambo ni safi. Taa ya machungwa haina bluu, au inayo kidogo mno. Sasa kitambaa kirudishe nini? Kinameza kila kinachokifikia, unaona giza. Nyekundu chini ya taa ya kijani, hivyohivyo. Nyeupe na krimu zinafuata rangi yoyote inayomwagwa juu yake, ndo maana mafundi taa wanazipenda. Dhahabu na kahawia chini ya machungwa zinapendeza mno. Satini na vitu vya kung'aa vinarudisha taa kama kioo, vinaweza kumuumiza macho aliyekaa upande wa pili.

Huna haja ya kununua mtambo wowote ili kupima. Tafuta picha ya rangi moja tupu, tuseme machungwa, ifungue kwenye simu ijae skrini, mwanga juu mpaka mwisho. Zima taa za chumba usiku, sogeza simu karibu na kitambaa. Utaona kwa macho yako. Kisha piga picha umtumie mteja kabla hujakata hata mita moja.

Tukienda ndani kidogo: taa nyingi za shughuli hizi zinaongozwa kwa mfumo unaoitwa DMX512, upo tangu 1986. Waya mmoja unabeba njia 512 za amri. Taa rahisi ya LED inaweza kutumia njia 4, yaani nyekundu, kijani, bluu na ukali wa mwanga, kwa hiyo kwa hesabu ya njia peke yake, 512 zinatosha taa 128. Kila taa ina anwani yake, na fundi amehifadhi kila mwonekano mapema: mapokezi, chakula, hotuba ya bosi, dansi. Ndo maana ukiuliza "taa zitakuwa rangi gani?" jibu ni rangi nne au tano kwa usiku mmoja. Wewe uliza swali hili: wakati wa chakula, mezani, ni rangi gani? Hapo ndipo watu wanakaa muda mrefu wakiangalia bidhaa yako.

Halafu kuna projekta. Picha ya mawimbi inayopita juu ya ukuta wa mapambo imepimwa ifuate umbo la ukuta ule, kingo kwa kingo. Mpambaji akisogeza ubao sentimita 10 baada ya vipimo, bahari inamwagika pembeni. Ujanja wa namna hii ni wa zamani. Mwaka 1862 mjini London, John Henry Pepper alionyesha mzimu jukwaani kwa kutumia kioo kikubwa kilichoinamishwa na mtu aliyefichwa akiwa amemulikwa kwa taa. Jumba la Haunted Mansion la Disneyland, lililofunguliwa 1969, bado linatumia mbinu hiyo. Inahitaji giza la kupangwa. Ukiweka kitu cheupe cha kung'aa karibu na kioo, mzimu umekwisha. Kwa hiyo fundi akikwambia usisogeze au usiweke hapo, usidhani ana maringo.

Muda nao ni pesa. Taa za juu zinafungwa kwanza, sakafu ikiwa tupu, kwa sababu ngazi na fremu za chuma zinahitaji nafasi. Kisha jukwaa, spika na skrini. Meza na mapambo vinafuata, halafu fundi anarudi kuelekeza taa kwenye vitu vilivyokwisha kukaa. Ukifika mapema sana unazuia njia, ukichelewa taa zimeshaelekezwa patupu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "njoo mchana". Dai saa.

Umeme sasa, hasa nyie wa vyakula na vinywaji. Soketi ya ampea 13 kwenye volti 230 inabeba kama wati 2,990, basi. Birika moja la umeme linaweza kula zaidi ya 2,000. Ukichomeka jiko lako la kukaangia kwenye laini ileile ya miksa ya sauti, swichi ikikata, hotuba ya mkurugenzi inakatika na jina lako linabaki midomoni. Soma kibandiko cha wati chini ya kifaa chako, waambie kabla, wakupe laini yako.

Mishumaa ya moto, achana nayo mpaka ukumbi uruhusu. Beba ya betri. Na ukirekodi video ya kutangaza kazi yako pale ukumbini ukaona mikanda inapanda na kushuka kwenye picha, simu yako haijafa, ni taa za LED zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona. Simu nyingi zina sehemu ya kubadilisha kasi ya kurekodi. Kwa umeme wetu wa hezi 50, jaribu fremu 25 au 50 kwa sekunde.

Kwenye makubaliano ongeza mstari mmoja: "Rangi ya kitambaa imekubaliwa na mteja chini ya mwanga wa rangi hii, picha imeambatanishwa." Weka na tarehe. Halafu omba namba ya fundi taa, umpigie mwenyewe. Wengi wanafurahi kuulizwa, maana kwa kawaida wanapigiwa kitu kikishaharibika.