Fumbo la Njiani na Mlango wa Nyumbani

Katika Surat An-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi. Simu ya leo nayo ni nyumba: mna picha za familia, madeni ya mtu na nasaha alizopewa kwa siri.

Vijana wetu wa Mbeya na Iringa hujiona wamesalimika kwa kuwa tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp husimbwa, yaani hugeuzwa fumbo lisomwalo na mwandikaji na mwandikiwa tu. Ni kweli, na ni neema. Lakini fumbo hilo hulinda barua ikiwa njiani; halilindi simu aliyokabidhiwa fundi pale Mwanjelwa pamoja na namba yake ya siri, ati abadilishe kioo. Mafundi wengi ni waaminifu. Asiye mwaminifu, dakika moja yamtosha kuiunganisha akaunti hiyo na kompyuta yake, akaendelea kusoma hata baada ya mwenyewe kuichukua simu. Tumesuluhisha ndoa zilizotikiswa na siri zilizovuja kwa mlango huu. Mwenye shaka na afungue orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Jina la bandia nalo halimfichi mtu sana. Laini nchini husajiliwa kwa alama za vidole tangu Mei 2019. Na nakala ya akiba ya mazungumzo, ihifadhiwayo nje ya simu, haipati ulinzi wa fumbo hilo mpaka mwenyewe auchague. Uwezo huo ulitolewa mwaka 2021. Tulipowauliza waumini baada ya swala mjini Iringa, walidhani tunazungumzia akiba ya benki.