Mgeni Mwenye Daftari

Hapa Gongoni, Tabora, wanafunzi wa vyuo vikuu hutujia na madaftari yao kutuuliza habari za biashara zetu ndogo ndogo. Wengi wakishaondoka hawarudi.

Mmoja alitufaa. Alikaa siku nzima na mwenzetu anayefuata asali vijijini na kuiuza sokoni, wakaandika kila kitu: asali, chupa, nauli, hata ushuru. Kumbe alichokiita faida kilikuwa mtaji wake, akiula kidogo kidogo! Ndiyo maana sare za watoto zilimshinda. Mama yule alinyamaza, kisha akapanga bei upya.

Mwaka 1976 Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh aliwauliza hivyo hivyo wanakijiji wa Jobra, akisaidiwa na mwanafunzi wake. Watu 42 walikuwa wamefungwa na wakopeshaji kwa deni la jumla ya dola 27 tu. Alizitoa mfukoni mwake, na mwaka 1983 ikazaliwa Benki ya Grameen.

Dada, mwanafunzi akipiga hodi, mpe hesabu za kweli. Naye aahidi kurudi kukueleza alichoona. Mama wa Mithali 31 aliijua faida yake. Wewe je, unaijua yako?