Injini inapovuta hewa kwa mlango wa nyuma

Gari inatetemeka kwenye foleni, inapiga mluzi mwembamba, na taa ya injini imewaka. Ukikanyaga mafuta, inatulia. Mashine ya kupimia inaleta msimbo P0171, yaani hewa imezidi petroli. Hapo wengi huambiwa wanunue sensa ya oksijeni. Subiri kwanza! Mara nyingi sensa hiyo ndiyo inayosema ukweli.

Petroli huungua vizuri ikipata gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1. Katika injini zenye sensa ya kupima hewa, kompyuta huhesabu hewa inayoingia, kisha huamua ipulizwe petroli kiasi gani. Hewa ikipenyea mbele ya sensa hiyo, haihesabiwi. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona ziada, kompyuta inaongeza petroli, na nyongeza ikipita kiasi taa inawaka.

Sasa, hewa hiyo inapita wapi? Pengine hosi imepasuka au gasketi ya manifoldi imechoka. Ila kuna njia inayosahaulika. Kila injini huvujisha gesi kidogo kupita ringi za pistoni, zikashuka kwenye chumba cha krenki. Zikibaki humo zinachafua oili na kujaza presha. Kwa hiyo hurudishwa kwenye manifoldi ziungue, zikipimwa na valvu ya PCV au, kwenye injini nyingi za kisasa, kiwambo cha mpira. Valvu ikikwama wazi au kiwambo kikichanika, injini inavuta hewa ovyo.

Utajuaje? Angalia namba. Tuseme injini ikiwa sailensi inavuta gramu 3 za hewa kwa sekunde, na tundu linaingiza gramu 0.6. Hiyo ni nyongeza ya 20%. Ukipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, injini inavuta kama gramu 12, lakini tundu ni lile lile: nyongeza inashuka hadi 5%. Basi, masahihisho ya petroli yakiwa makubwa kwenye sailensi na kupungua ukikanyaga, tafuta uvujaji wa hewa. Yakizidi kupanda gari inapobeba mzigo, shuku pampu au filta ya petroli.

Kisha jaribu mfuniko wa oili, injini ikiunguruma. Mvuto mdogo ni kawaida, hata mngurumo ukibadilika kidogo. Mfuniko ukinata kiasi cha kugoma kutoka, na mluzi ukakata ukiulegeza, kiwambo kinashukiwa sana. Ukisukumwa nje kwa nguvu, kinyume chake: njia imeziba au ringi zimekwisha, na sili za oili ziko hatarini. Kupata tundu lenyewe, fundi apulize moshi kwa mashine yake injini ikiwa imezimwa. Kupulizia petroli au spirei inayowaka kwenye injini ya moto ni kuomba ajali.

Ukishabadilisha kifaa, futa msimbo, endesha gari, kisha soma namba tena. Zikirudi karibu na sifuri, umetibu ugonjwa. Zikibaki juu, uvujaji bado upo, na sensa mpya isingekusaidia chochote.