Maneno Madogo Yanayoshika Pesa za Kikundi

Kikundi kinapofungua akaunti huja siku ya kujaza fomu ya watia sahihi, na mara nyingi fomu yenyewe ni ya Kiingereza. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanaandika majina, wanabandika picha, halafu wanafika mahali panapouliza pesa zitatoka kwa sahihi za nani. Hapo pana maneno madogo madogo: "any", "either", "both", "all". Watu hutia alama mbio mbio ili wawahi matatu ya kurudi nyumbani. Sisi twasema hapo ndipo pa kukaa kitako. Matatu nyingine itakuja.

Kutatizika na maneno haya si ujinga. Kiswahili kinatosheka na "yeyote" mahali ambapo Kiingereza kina maneno kadhaa, na kila moja lina kazi yake. Kiingereza huuliza kwanza: mko wawili, au mmezidi wawili?

Wakiwa wawili, "both to sign" maana yake ni wote wawili pamoja. "Either to sign" ni mmojawapo peke yake, bila hata kumwuliza mwenziwe. "Neither" ni kwamba hata mmoja wao hayumo. Wakiwa watatu au zaidi, "either" haifai tena. Hapo tunatumia "all", "any" na "none".

Tuseme kikundi chenu cha maziwa kina watia sahihi watatu, na fomu imeandikwa "any one to sign". Basi mweka hazina anaweza kwenda Jumatatu asubuhi peke yake, akatoa pesa zote za ng'ombe, na benki haina kosa. Imefuata maagizo yenu ninyi wenyewe. Mkiandika "all to sign", mwizi amefungiwa mlango, lakini katibu akilazwa hospitali au akihamia Mombasa kutafuta kazi, pesa zitalala mpaka mkutane mbadilishe majina. Kwa maoni yetu, kwa kikundi cha watu watatu "any two to sign" ndiyo nzuri: hakuna anayetoa peke yake, na mmoja akikosekana kazi haisimami. Kama mnataka mweka hazina asikose kamwe, andikeni hivyo waziwazi: "the treasurer and any one of the other two".

Angalieni pia nafasi kati ya maneno. "Any one of the officials" ni mmojawapo wa viongozi. "Anyone", likiwa neno moja, ni mtu yeyote yule, hata mpita njia. Nafasi ndogo ya kalamu, lakini katika katiba ya kikundi si jambo dogo.

Na katiba lazima muwe nayo, kwa sababu Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya 2022 inaidai. Hapo ndipo "every" na "any" zinapogombana. Tazameni Katiba ya nchi yetu ya 2010, kifungu cha 3. Sehemu ya kwanza inaanza na "Every person", kwa kuwa inampa kila mtu wajibu wa kuiheshimu na kuitetea Katiba, bila kumwacha hata mmoja. Sehemu ya pili inaanza na "Any attempt". Haisemi kwamba majaribio ya kuunda serikali kinyume cha Katiba yapo. Inasema likitokea, liwe la namna gani, ni haramu. Ndiyo "any" ile ile ya A.O.B. mwishoni mwa ajenda zetu: kama kuna lolote, liletwe. Kwa hiyo wajibu wa wote uandikwe na "every": "Every member shall attend meetings". Sharti la atakayejikuta katika jambo fulani liandikwe na "any": "Any member who misses three meetings shall pay a fine".

Sasa "all" na "each". Mkiandika "All members shall pay 1,000 shillings", mtu mkaidi anaweza kusema ni elfu moja kwa kikundi kizima, mgawane! Andikeni "Each member shall pay". Hata Kiswahili kina mtego huo. "Wanachama wote watapewa mbuzi" ni mbuzi wangapi, bwana? Ndiyo sababu kina mama husema "mbuzi mmoja mmoja".

Penye kukataza, Kiswahili chetu hutuponza. Tunasema "mwanachama yeyote asikope mara mbili", kisha tunaandika "Any member shall not borrow twice". Kiingereza hakikatazi hivyo. "All members shall not borrow twice" ni mbaya zaidi, maana mjanja atasema haikatazi mmoja, inakataza wote kwa pamoja. Sawa ni "No member shall borrow twice". Vivyo hivyo, "hakuna mtu yeyote" ni "there is nobody", wala si "there is no anybody".

Njia tunayoipendekeza ni hii: kabla ya kushika fomu, andikeni uamuzi kwa Kiswahili katika kumbukumbu za mkutano, kwa majina na hesabu: "sahihi mbili kati ya tatu, moja iwe ya mweka hazina". Kisha mtafute neno la Kiingereza linalolingana, na karani wa benki awaeleze amelielewa vipi.

Na mkiandika ripoti kwa waliowasaidia kununua tangi la maji, tofautisheni "few members have paid" na "a few members have paid". La kwanza ni kilio: waliolipa ni wachache mno. La pili ni habari njema kidogo, kwamba wako kadhaa ambao wamekwisha kulipa.